Kidole Nyuma ya Pazia

Sehemu ya tisa

“Wewe Mama Sumayiya, hii eda yenu, hata wakili akikuja na karatasi hawezi kukuona sura?”

Aliyeniuliza hivyo ni jirani yangu Acayo, Mwacholi anayeuza mkaa mbele ya geti letu hapa Kibuli. Yeye alikuwa nje, mimi ndani, mwezi wa pili tangu nimzike mume wangu Kamis. Nilicheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu msiba. Nikamjibu kutoka dirishani, “Hata waziri akija, ataongea na pazia.”

Laiti ningemuuliza kwa nini anauliza.

Haya, wasomaji wangu. Wiki jana niliwaacha ghorofa ya tatu, mbele ya Kamati ya Nidhamu ya Mawakili, mimi nimesimama kizimbani na mkono ndiyo kwanza umetoka juu ya Msahafu. Wakili Sifuna alikuwa ameinuka, amenielekezea kalamu, amesema maneno yaliyonikausha mate:

“Mwenyekiti, huyu mama hatasema uongo hata mmoja. Na ukweli wake ndio utakaomwokoa mteja wangu.”

Kama leo ndiyo unaanza kusoma, shika haya machache. Shemeji yangu Mahmoud ameiuza nyumba ya marehemu kwa karatasi ya kiapo inayosema mimi mjane nimekubali. Ina alama ya kidole, na chini yake muhuri wa wakili Abdul-Karim wa Old Kampala. Karatasi ikisimama, mwisho wa mwezi natoka katika nyumba niliyoolewa. Karatasi ikianguka, nyumba inabaki, na Abdul-Karim anafutwa uwakili. Hakuna mlango wa kutupitisha sote wawili.

Na huyu Abdul-Karim si mtu baki. Baba yake ndiye sheikh aliyemwosha Kamis kwa mikono yake. Tangu nilipomshtaki, nikikaa kwenye safu ya wanawake msikitini, pembeni yangu panabaki nafasi ya watu wawili. Hakuna anayenitukana. Wanasogea tu.

Kidole ni cha nani? Nimewaambia wiki zote hizi: ni cha Ruqayya, mke wa Mahmoud, aliyekaa nami eda nzima akinipikia. Aliyekuwa karibu nami ni nani mwingine?

Sifuna, mtetezi wa Abdul-Karim, akaanza.

Ni mtu wa Busia, mfupi, tai nyekundu. Kazi yake ni kuwatetea wasomi wenzake walioharibu: mawakili, madaktari, wahandisi. Watu husema daktari akikata mguu usio mgonjwa, wa kwanza kupigiwa simu ni Sifuna. Mwenye mguu ni wa pili.

“Bi Nusura, tarehe kumi na mbili Machi ulikuwa wapi?”

“Nyumbani. Eda.”

“Hukutoka kabisa?”

“Sikutoka.”

“Hata kufika Old Kampala, ofisini kwa wakili? Dakika kumi tu kwa boda.”

“Hata getini sikufika.”

“Lakini dini yenu si inamruhusu mjane kutoka mchana akiwa na dharura?”

“Inaruhusu. Mimi sikuwa na dharura. Mwenye dharura alikuwa shemeji yangu.”

Watu wakacheka. Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani ya mnyororo, akagonga meza.

“Na karatasi inasema uliapa mbele ya wakili, ofisini kwake,” Sifuna akaendelea.

“Karatasi ndiyo inasema. Mimi sijasema.”

“Kwa hiyo karatasi ni ya uongo?”

“Uongo mtupu.”

Nilitegemea akunje uso. Akainama, kama mtu anayeshukuru kwa chai.

“Asante, Mama. Mheshimiwa Mwenyekiti, tunakubali. Bi Nusura hakufika ofisini.”

Mimi nikasema moyoni, alhamdulillahi, imekwisha. Wakili wao mwenyewe amekubali!

Haikuwa imekwisha.

“Hakufika,” Sifuna akasema, “kwa sababu wakili alimfuata nyumbani. Naomba shahidi aingie.”

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Acayo.

Jirani yangu! Amevaa kitenge cha kanisani, kucha bado zina weusi wa mkaa. Hakunitazama mpaka alipomaliza kuapa kwa Biblia.

“Unamjua bwana huyu?” Sifuna akaonyesha kwa Abdul-Karim.

“Namjua. Ni mtoto wa sheikh. Alikuja na Mahmoud, saa nne ya asubuhi. Akavua viatu kwa mlango. Kiatu ilikuwa nzuri, mi nikakaa naangalia boda wasiibe.”

“Aliingia ndani?”

“Aliingia kwa sebule. Kwa mkaa yangu mi naona mlango, naona pazia, naona kila kitu. Mahmoud alibaki kwa mlango. Alipotoka huyu, karatasi iko kwa mkono, anapuliza wino ikauke.”

“Ulimwambia Bi Nusura?”

“Nilimuuliza! Kesho yake, kwa dirisha. Nikasema, hii eda yenu, hata wakili akikuja na karatasi hawezi kukuona sura? Yeye akacheka, akasema ataongea na pazia. Mi nikajua ameshaongea na pazia. Mambo ya Waislamu, mi naingilia nini?” Ndipo akanigeukia. “Pole, jirani. Mi nimesema tu yenye niliona.”

Nilishika ukingo wa kizimba.

Abdul-Karim alikuja nyumbani kwangu. Mimi nikiwa ndani. Na mimi sikujua.

Akaitwa mwenyewe. Ana miaka thelathini na nne, lakini siku ile mabega yake yalikuwa ya mzee. Hakumtazama Mwenyekiti. Alinitazama mimi.

“Bwana Mahmoud aliniambia mjane amekubali, ila yuko eda, hatoki. Nikasema, basi nitamfuata. Mama Sumayiya si mtu wa kuitwa ofisini kama mdeni.”

“Ukafanya nini?”

“Nilisimama sebuleni. Pazia la chumba lilikuwa limeshushwa. Nikatoa salamu, nikaitikiwa. Nikasoma karatasi yote kwa Kiswahili, neno kwa neno. Nikauliza, Bi Nusura, umesikia? Akasema, nimesikia. Umeridhika? Nimeridhika. Nikapitisha karatasi na kidau cha wino chini ya pazia. Ikarudi na kidole.”

Mwenyekiti akavua miwani. “Ulimwona uso?”

“Hapana.”

“Mkono?”

“Nilitazama ukutani.”

“Wakili, kwa nini ulitazama ukutani?”

“Mheshimiwa, ni mjane wa Mzee Kamis. Baba yangu alimwosha mume wake. Ningeanzaje kufunua pazia?”

Mjumbe mmoja, mzee mwenye mvi, akacheka kwa pua. “Kijana, sheria inasema anayeapa aape mbele yako. Wewe uliapisha kitambaa.”

“Na kwa nini karatasi inasema ofisini?” Mwenyekiti akauliza.

“Fomu zetu zimechapwa hivyo. Sikubadilisha.”

Sifuna akainuka haraka kabla neno hilo halijapoa. “Hilo ndilo kosa la mteja wangu. Adabu! Apewe onyo, asifutwe. Mjini humu kuna watu wanaapisha marehemu na wanakula chakula cha mchana. Huyu aliapisha mtu aliyejibu, akamwamini kwa sababu ya dini yake.”

Nilimtazama yule kijana. Miezi mitatu nimeamka kabla ya alfajiri nimlaani. Nilidhani amelishwa na Mahmoud, nilidhani ameuza muhuri. Kumbe nilikuwa namshtaki mtu kwa kunistahi.

Na stahi yake hiyo hiyo ndiyo inanitoa nyumbani. Mtu ufurahi au ulie?

Nikaomba niseme neno. Mwenyekiti akaruhusu.

“Mwanangu Karim, mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Jina langu naliandika mwenyewe. Karatasi iliporudi na kidole, hukushangaa?”

“Nilidhani mkono unatetemeka kwa huzuni, Mama.”

“Huzuni haimsahaulishi mtu jina lake.”

Akainamisha kichwa.

Mwenyekiti akatupa mapumziko ya nusu saa.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Binti yangu Sumayiya akakaa karibu yangu. Ndiye anayenileta kila siku ya kesi, ndiye anayenishikia mkoba, ndiye anayefunga saluni yake ya Makindye ili mama asije peke yake. Upande wa pili wa ukumbi walikaa Mahmoud na Ruqayya. Ruqayya alikuwa amevuta shela mpaka usoni. Nikasema moyoni, jifunike, jifunike. Leo utafunuliwa.

Sifuna akaja na vikombe viwili vya chai. Kimoja akanipa.

“Mama, umewafanya wazee wa watu wacheke. Ungesoma sheria, mimi ningekufa njaa.”

“Sema ulichokuja kusema, Wakili.”

“Kuna njia ya kila mtu kutoka humu na nguo zake mwilini.” Akachuchumaa mbele yangu, mtu na suti yake. “Ukirudi ndani, sema hivi: nilikuwa nyuma ya pazia, msiba ulinichanganya, nilikubali nikasahau. Basi. Mjane kusahau, nani atamlaumu? Karim anapata onyo. Aliyenunua nyumba nimeshaongea naye. Atakuachia chumba cha uani na choo chako, mpaka Mungu akuite.”

“Na Msahafu nilioushika?”

“Msahafu hautaulizwa tena leo.”

“Nitaulizwa mimi.”

Akakuna kidevu.

“Na Abdul-Karim mwenyewe ni wakili,” nikasema. “Kwa nini haji kuniomba kwa mdomo wake?”

“Hajui kama niko hapa. Angejua angekataa. Kinyozi hajinyoi, Mama. Mwenye wembe ni mimi.”

Sumayiya akanishika goti. “Mama, kubali. Tupumzike. Chumba cha uani kinakutosha. Swala tano hazitaki nyumba kubwa.”

Maneno hayo yalinichoma, lakini nilimhurumia. Nilisema, mtoto amechoka. Wateja wake wanakwenda kwa wengine kwa sababu yangu. Nikampapasa mkono.

“Nyumba hii baba yako aliijenga kwa miaka kumi na tisa ya kuendesha lori la Juba,” nikamwambia. “Sitaiuza kwa uongo wa dakika moja.”

Sumayiya akauondoa mkono wake. Sifuna akasimama, akajifuta magoti.

“Sawa,” akasema. “Basi tuombe barua iwe njema.”

“Barua gani?”

Karani Olanya alikuwa ameshafungua mlango, anatuita. Nikarudi kizimbani.

Barua ilikuwa ya mtaalamu wa alama za vidole. Wiki tatu nyuma mimi na Ruqayya tulipakwa wino kituoni, mimi kwa hiari, yeye kwa ombi langu. Olanya akaisoma akiwa amesimama, kwa sauti kavu ya mtu anayesoma bei za sokoni.

“Alama iliyo kwenye karatasi ya kiapo si ya Bi Nusura, mjane wa Kamis.”

Allahu akbar! Nilisema kwa sauti, sikuweza kujizuia. Mwenyekiti hakunikemea. Karatasi imeanguka. Nyumba imesimama. Nilimwona Kamis na matofali yake, nikamwona na kofia yake ya safari, machozi yakanitoka.

“Bado,” Olanya akasema. “Alama hiyo pia si ya Bi Ruqayya, mke wa Mahmoud.”

Si ya nani?

Ruqayya akainuka kutoka kwenye kiti chake. Akaishusha shela, uso wote ukaonekana. Umekonda. Sikuwa nimeuangalia kwa miezi.

“Mheshimiwa, naomba nimwambie dada yangu neno moja, kisha mnifukuze mkitaka.”

“Sema, kwa ufupi.”

“Dada Nusura. Miezi minne na siku kumi nilikupikia. Nilikufulia. Nilikusomea Yasini ulipokosa usingizi. Asubuhi ile unayoisema nilikuwa sokoni, natafuta samaki mkavu, kwa sababu ulisema nyama imekushinda. Ukanipeleka polisi wakanipaka wino kama mwizi wa kuku. Mume wangu ana dhambi zake, aseme mwenyewe. Lakini mimi ulinihukumu kwa sababu nilikuwa karibu nawe. Mwenyezi Mungu na akusamehe. Mimi bado sijaweza.”

Akakaa.

Na nyinyi wasomaji, niliokuwa nawaambia kila wiki ni Ruqayya, ni Ruqayya, mniwie radhi. Nilimsingizia mbele yenu pia.

Mwenyekiti akampigia meza Mahmoud. “Wewe ulimpeleka wakili. Nani alikuwa nyuma ya pazia?”

“Mimi nilibaki mlangoni, Mheshimiwa,” Mahmoud akasema, jasho limemjaa juu ya mdomo. “Nilisikia sauti tu. Sauti ya shemeji yangu.”

“Sikilizeni vizuri nyote,” Mwenyekiti akasema. “Mtu alijifanya Bi Nusura, akaapa kwa jina lake. Mtu huyo akijulikana, faili lake haliishi kwenye kamati hii. Linakwenda polisi, na kutoka polisi linakwenda mahakamani, na huko watu wanafungwa.” Akamgeukia Abdul-Karim. “Na wewe, Wakili, asipojulikana, mimi nitaaminije kwamba alikuwepo? Nitaaminije kwamba hukukichukua kidole hicho kwa mtu yeyote njiani? Jirani alikuona ukiingia. Hakumwona aliyekujibu. Mbele yangu una pazia tu.”

Mara ya kwanza siku hiyo, wembe wa Sifuna haukuwa na makali.

Abdul-Karim akasimama. “Mheshimiwa, sina shahidi. Nina masikio. Sauti ile ilikuwa ya Mama Sumayiya. Nimeijua tangu nina miaka sita. Tukitoka madrasa alikuwa akituita barazani kwake kula kabalagala zake za ndizi. Siwezi kuikosea. Hata sasa, barua imesomwa, najua si kidole chake, lakini wallahi sauti ilikuwa yake.”

Wajumbe wakatazamana. Yule mwenye mvi akatikisa kichwa kama mtu aliyemwona kijana akijichimbia shimo.

Mimi sikuwa nawasikia tena.

Kwa sababu sauti yangu, wasomaji wangu, duniani wanayo watu wawili.

Marehemu Kamis akipiga simu kutoka njiani, kabla ya salamu alikuwa anauliza, “Ni mama au mtoto?” Mjomba wangu wa Makindye hukosea mpaka leo. Wanawake wa chama chetu waliwahi kunieleza siri zangu mwenyewe, wakidhani wanaongea na mimi, kumbe mwenye simu ni mwingine.

Na maji.

Asubuhi ile nilikuwa bafuni, uani, nyuma ya nyumba. Niliwekewa maji ya moto. Eda nzima nilikuwa naoga ndoo moja, haraka haraka. Siku ile nilikuta ndoo mbili. Na aliyeniwekea alisema, “Oga polepole, Mama. Leo Makindye hakuna umeme, siendi kazini. Nitakaa na wewe.”

Nilimwombea dua bafuni. Nilisema, ee Mola, mlipe mtoto huyu anayemkumbuka mama yake.

Siku zile alikuwa anasuka nywele kwenye saluni ya watu. Mwezi wa nne akafungua yake, na vioo vinne, na viti vya kuzunguka. Nikamuuliza, akasema ni akiba. Niliambiwa Mahmoud alikwenda kwenye ufunguzi na soda kreti mbili, nikasema, angalau kwa binti wa ndugu yake ana huruma.

Mimi ambaye watu husema hakuna kinachonipita.

Sifuna alikuwa ananitazama. Watu wa kazi ile wanaona uso ukibadilika kabla mwenye uso hajajua. Akaja taratibu mpaka kwenye kizimba, safari hii bila kalamu.

“Bi Nusura,” akasema kwa upole, “asubuhi ile, zaidi yako, ndani ya nyumba alikuwepo nani?”

Mahmoud akakohoa. Nikamtazama. Yeye hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, kwenye kiti kilichoko nyuma ya kizimba.

Sikugeuka.

“Mama,” Mwenyekiti akasema, “umeapa. Ila kama hukumbuki, sema hukumbuki. Ni siku nyingi zimepita. Hakuna atakayekulaumu.”

Sikumbuki. Neno moja tu, wasomaji wangu. Nyumba nimeshaipata, barua imeipata kwa niaba yangu. Nikisema sikumbuki, natoka na nyumba yangu na mtoto wangu, tunapanda boda, tunakwenda kula chakula cha mchana. Anayebaki humu ndani ni mtoto wa sheikh, aliyetazama ukutani kwa ajili yangu.

Nilimwangalia Abdul-Karim. Hakuniomba kitu. Alikuwa amekunja mikono kama yuko kwenye swala.

Nikayaangalia na mabega ya Ruqayya.

Nimeshamtwika mzigo mtu mmoja asiyehusika. Nimtwike na wa pili?

“Alikuwepo mtu,” nikasema.

“Nani?”

“Alikuwepo aliyenichemshia maji.”

“Jina lake, Mama.”

Nikasoma bismillahi kimoyomoyo.

“Binti yangu. Sumayiya.”

Olanya akaacha kuandika. Kutoka upande wa Ruqayya nikasikia, “Inna lillahi.” Mahmoud akafunika macho kwa kiganja, na hapo hata mtoto mdogo angejua.

“Yuko hapa?” Mwenyekiti akauliza.

Miguu ya kiti ikakwaruza sakafu nyuma yangu.

Sumayiya akaja mbele. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa ule ule wa asubuhi aliponifunga kamba za viatu. Olanya akaweka kidau cha wino na karatasi nyeupe juu ya meza.

“Binti,” Mwenyekiti akasema, “hulazimishwi hapa. Lakini kama mama yako amekosea, kidole chako kitamsahihisha sasa hivi.”

Sumayiya akautazama wino. Akamtazama ami yake Mahmoud, na ami yake alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha akanitazama mimi.

Sema hapana, mwanangu. Sema mama amezeeka, mama amechanganyikiwa. Mimi niliyekataa uongo tangu asubuhi, nilisimama pale mbele ya Msahafu nikimwomba Mungu binti yangu aseme uongo mmoja.

“Sumayiya,” nikaita. Sauti iliyotoka ilikuwa yake.

Akauvua mkoba wangu begani, akauweka kwenye ukingo wa kizimba, karibu na mkono wangu. Akafungua pochi yake, akatoa ufunguo wa nyumba yetu, akauweka juu ya mkoba.

“Binti, ukitoka kwenye mlango huo nitaandika umekataa!” Mwenyekiti akasema.

Akawapita Mahmoud na Ruqayya, akampita Abdul-Karim aliyekuwa amesimama kumpisha na macho yake chini, akafungua mlango, akatoka.